Goti Kwenye Sola

Mpangaji wangu wa chumba cha uani anachunguza uchafu na kasoro ndani ya silikoni, ile ya kwenye sola inayogeuza jua kuwa umeme. Mimi niliishia la saba, lakini mchele wa Tindiga nauchambua vizuri, na kazi yake naiona ni hiyo hiyo, ila chuya zake hazionekani kwa macho. Kila kitu anakishika pembeni kwa ncha za vidole, hata sahani ya ugali. Shikamoo za watoto anazijibu taratibu, kama anazikagua kwanza.

Juzi sola ya zahanati ilishindwa kuendesha friji la chanjo, na watu wakamshukia Herman, fundi aliyeifunga. Mwenyekiti wa kijiji akasema kazi ya kufunga sola ya shuleni hapewi tena. Mpangaji akaileta sola hiyo stoo kwangu, akaziba madirisha kwa khanga zangu bila kuomba, akaipitishia umeme na kuipiga picha. Kwenye picha, palipo pazima paling'aa, palipo pabovu pakabaki peusi. Katikati palikuwa na nyufa zilizotawanyika kama utando wa buibui. Akazipima upana kwa kiganja juu ya sola yenyewe, kisha kiganja akakipeleka kwenye goti lake.

"Ni mimi," akasema. "Nilipopanda paani kuikagua mwezi wa tatu, niliikandamiza kwa goti."

"Na nani mwingine hapa anaweza kuisoma picha hiyo?"

"Hakuna, mama."

Nikadhani yameishia hapo. Akavaa viatu, akabeba kompyuta yake yenye ile picha, akaniomba nimwonyeshe nyumba ya mwenyekiti.