Damu ya Goti la Mama

Mama yangu hakukubali hata siku moja kwamba goti lake lina ugonjwa wa viungo. Lina damu mbaya, basi. Na damu mbaya hutolewa kwa pembe: jirani yake kule Malava humchanja kwa wembe, anabandika pembe ya ng'ombe, anafyonza, kisha wawili hao wanaisifu ile damu nyeusi wakinywa chai. Mimi nilikuwa nimechoka kupiga kelele. Nilitaka aache shamba, ahamie kwangu Shirere. Nikampeleka kwa daktari mjini, nikijua huyo atanisaidia kumkemea.

"Haya makovu ya duara ni ya nini?" daktari akauliza.

"Mbu," Mama akajibu.

"Mbu wa kwenu wana mdomo mkubwa, mama."

Nikacheka peke yangu. Lakini daktari hakumkemea. Alimweleza kwamba kiungo kikivimba kwa miaka mingi, mishipa midogo ya damu huchipuka na kupenya mahali ambapo haikuwapo, na mishipa ya fahamu huifuata huko huko. Hiyo ni sababu moja ya goti kuuma hata mtu akiwa ameketi tu.

Mama akanigeukia polepole. "Umesikia? Damu! Nakuambianga kila siku."

"Si hiyo unayotoa, Mama!"

"Nyamaza, daktari anaongea."

Daktari akasema pembe haifiki huko, na wembe utamletea kidonda kibaya, aache kabisa. Mama akaitikia kwa upole wa kanisani. Nikaona nafasi yangu, nikadakia, "Na kulima je? Si aje kwangu apumzike?"

"Akae tu? Hapana. Atembee, misuli ya paja ipate nguvu. Hata shambani aende, ila asipige magoti, na likivimba apumzike."

Weee! Mama aliinuka bila kushika kiti. Huko nje alinitangulia akitembea kwa madaha, licha ya goti lake bovu, akisalimia watu asiowajua.

Nikamfikia nikiwa nimekasirika, kumbe machozi yananilengalenga. "Mama, naogopa. Utaanguka kule peke yako."

Akasimama. Hakunicheka.

"Hata mimi naogopanga," akasema. "Lakini mimi nimezoea. Wewe ukishindwa, njoo ukae kwangu. Kitanda chako sijampa mtu."