Koti la Mjomba Lililokwenda Kwenye Sataranji

Walisema sitaweza. "Huyu wa Golbanti, aliyekulia mtumbwini, akashindane sataranji na watu wa Mombasa?" Mjomba Hiribae alicheka kuliko wote. "Wewe hata wali huwezi kukaa ukaumaliza!" Basi nisomeni mimi, mwenye diploma ya ualimu: niliweza.

Nilikuwa likizoni, nikicheza na shemeji yangu Dhadho kwa kete nilizofinyanga kwa udongo wa mtoni, barua ya chuo changu cha ualimu iliponifikia. Timu ya watu wanne ilinihitaji kwenye mashindano, nije na koti na viatu. Sikuwa navyo. Dhadho akaniazima viatu. Mzee Guyo, mfugaji wa Kiorma, akaniazima kibuyu kilichojaa maziwa ya njiani. Na yule yule Mjomba akavua koti lake la pekee. "Lirudi," akasema. "Na wewe urudi."

Alfajiri mimi na Dhadho tulipanda mto kwa mtumbwi, tukiusukuma kwa pondo, hadi Garsen. Mafuriko yalikuwa yamekwamisha lori la Mombasa ng'ambo. Nikavuka kwa kivuko, nikatembea majini hadi lilipo, viatu shingoni, koti kichwani. Siku ya tatu niliingia Mombasa, koti kavu.

Siku ya fainali, wenzangu walimaliza: mmoja kashinda, mmoja kashindwa, mmoja sare. Kombe likabaki mezani kwangu. Nyumbani tulizoea kushika kete huku tukifikiri. Nikamshika farasi, nikamwachia.

"Umemgusa, kaka," akasema mpinzani wangu, karani wa mjini. "Mchezeshe huyo huyo."

Ndiyo sheria. Farasi alikuwa na njia moja tu, na huko angeliwa. Nikatia mkono mfukoni, nikakuta kipande cha tumbaku ya Mjomba. Nikakinusa. Nikakaa, nikakaa tena, mpaka nikaona: askari wake akimla farasi, mfalme wake atabaki wazi mbele ya ngome yangu. Akamla. Hatua sita baadaye kombe lilikuwa letu.

Kwetu kitu cha kuazima hakirudishwi kitupu. Niliporudi Golbanti, kibuyu cha Mzee Guyo nilikijaza sukari, viatu vya Dhadho nikavitia kamba mpya. Koti nililipeleka mwisho, mfukoni mkiwa na karatasi niliyoandikia hatua zote za mchezo.

Mjomba hakujua kusoma. "Nisomee," akasema.

Nikamsomea hatua moja moja. Chai yake ikapoa. Nilipofika kwa farasi, akanishika goti.

"Hapo ulikaa?"

"Nilikaa, Mjomba."

Akalivaa koti lake, na jua lilikuwa kali.