Nati ya Juu Hukazwa Gari Ikishashiba

Ukitoka Embu mjini kwenda Manyatta huwezi kupita gereji yangu bila kuiona. Ukuta ni wangu, geti ni langu, na lifti ya kuinua gari, mimi ndiye wa kwanza kuileta barabara ile. Shule niliiacha darasa la sita na haijawahi kunidai. Ninachokumbuka mimi ni Ruiri, kule Meru, vumbi lake, na fundi mzee mkali aliyenifundisha kukaza nati.

Si nati yoyote. Ni ile ya juu kabisa ya shokabsoba, ile inayoshika springi na mpira wake pamoja, chini ya boneti. Mafundi wengine waliimaliza gari ikining'inia kwa jeki, wakaenda chai. Mzee wangu hapana. Aliifunga kwa kushikilia tu, akashusha gari chini, halafu akaijaza: viazi vya mteja, mawe, na kama ni siku ya soko, akina mama.

"Mama, ingia ndani kidogo."

"Unanipeleka wapi?"

"Hapa hapa."

"Ai! Siku hizi tunapimwa kama ng'ombe?"

Lakini waliingia wakicheka, kabichi magotini. Gari ikishalala vizuri, ndipo mzee alimalizia nati, polepole, kwa mkono.

"Mshipi unafungwa mtu akishakula," alikuwa akisema. "Ukiufunga na njaa, utakukata."

Mwisho kabisa aliweka kiganja juu ya ile nati, nami nikizungusha usukani kushoto, kulia. Kama kuna kitu kinagonga, kiganja kilijua. Hakuna gari iliyotoka pale bila kiganja hicho, na zile nilizokaza mimi alizipima mara mbili. Neno "sawa" sikuwahi kulisikia kwake. Siku niliyoaga nije Embu kujitegemea, aliniita baite, yaani bwana kwa Kimeru: "Bado hujaiva, baite." Nikatembea na hilo neno kama kokoto kwenye kiatu, hata baada ya kujenga ukuta.

Juzi, mvua ilipoisha, mzee akaja. Pikapu ile ile ya siku za Ruiri, koti lile lile. Mbele kunagonga. Vijana wangu walikimbia na mashine ya upepo ya kukazia nati. Nikawazuia.

"Leo ni mimi."

"Bosi, utachafua shati."

"Ni wewe ulininunulia?"

Mzee alikaa juu ya tairi kuukuu. Nilibana springi, nikabadilisha mpira, nikaifunga nati kwa kushikilia tu, nikashusha gari. Halafu nikaita kila mtu: vijana wangu wote, na mama anayetuuzia githeri ng'ambo ya barabara.

"Tajiri mzima umekosa mzigo, unanibeba mimi?"

"Ingia, mama. Kaa na sufuria yako."

Pikapu ikalala. Nikashika spana, na nakwambia, mkono ulikumbuka wenyewe. Mpira ulikubali, ukakubali, kisha ukakataa, nami nikaachia hapo hapo. Harufu ya githeri na grisi ilinirudisha Ruiri moja kwa moja, nikawa mwembamba tena, sina hata kiatu kizuri, nimeinama pembeni ya koti lake nikingoja.

Nikamwambia kijana mmoja ashike usukani. Nikasogea, kumpisha mzee na kiganja chake.

Alikuja. Akaangalia nati. Akaangalia mikono yangu, myeusi hadi kwenye saa. Kisha akatia mikono yake yote miwili mfukoni.

"Funga boneti."

"Mzee, hupimi?"

"Toa hawa watu kwa gari yangu. Ng'ombe zangu zinangoja kukamuliwa."

Akaondoka, akashika barabara ya Meru. Nilisimama getini mpaka vijana wakaanza kuulizana nina nini. Nikawaambia wasimame vizuri wanisikie: kutoka Ruiri mpaka Kianjokoma, hakuna fundi mwingine ambaye mzee yule aliondoa gari mikononi mwake bila kuipima. Hakuna. Mimi peke yangu.