Mizinga ya Mwalimu Tabitha

Usiku ule nililala na nguo za mchana, sina nguvu hata ya kuzivua. Tulikuwa tumemzika Mwalimu Tabitha kabla ya mvua za masika, na mvua zilikuwa bado hazijakatika. Ndiye aliyenifundisha kusoma jeni za virusi vinavyoua nyuki. Tangu aondoke, kazi yetu sikuigusa tena.

Nikajiona maabarani. Mwalimu amekaa kwenye kiti chake, miguu peku, uso umenawiri kama hakuwahi kuugua.

"Mwanangu, umefikia wapi?"

Ananionyesha kioo cha kompyuta. Zile kodoni, maneno ya herufi tatu tatu ambayo seli huyasoma ili itengeneze protini, zinatiririka, zinabanduka kiooni, na mara tuko uani kwake, penye mizinga aliyofugia nyuki pamoja na mumewe, Mzee Anania. Nyuki wametapakaa chini, mabawa yamekunjamana. Anainama, anaokota mmoja, anampuliza vumbi taratibu.

"Protini ileile yaweza kuandikwa kwa maneno tofauti," anasema, kama siku ile ya kwanza darasani. "Kirusi hakina kiwanda chake, kinaazima cha nyuki. Sasa kinachagua maneno yapi? Yale anayoyapenda nyuki, au mengine? Hapo ndipo tulipoishia. Usipaache hapo."

Nataka kumuuliza kama aliumia sana mwishoni. Badala yake namshika mkono. Una joto.

"Mwalimu, rudi."

Anatikisa kichwa. "Mwambie Anania asiichome mizinga. Wamo walio hai."

Nikaamka, mashavu yameloa, na mkono wangu ungali umenyooka gizani.

Kulipopambazuka nilimpigia Mzee Anania. Siku ya matanga alikuwa ameapa mbele yetu kwamba ataiteketeza mizinga yote, maana kila akisikia mvumo wa nyuki humsikia mkewe akiwasemesha. Nikamsimulia ndoto yote.

"Basi nitaiacha," akasema.

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Na mimi, mwanangu? Aliniulizia hali?"

Mwalimu hakuwa amemuulizia. Nilifungua mdomo nimdanganye, kilio kikanitangulia.