Kiganja Juu ya Kompyuta

Kaka yangu alikuwa mpiga video za harusi. Watu wengi wanamkumbuka akiwa na kamera begani, akirudi kinyumenyume mbele ya maharusi bila kumkanyaga mtu. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa nyumbani, katika chumba cha uani, mbele ya kompyuta. Huko ndiko alikokata na kuunga picha. Mimi, dada yake mdogo, nilimsaidia kuchagua nyimbo na kuondoa sehemu ambazo wageni walionekana wakitafuna.

Kwetu hatuanzi kazi bila kuomba. Baba alikuwa dereva wa lori, na yeye aliwasha injini kwanza ndipo akaomba, ikiwa inaunguruma. Alisema hawezi kukiombea safari chombo kilicholala. Kaka alirithi hayo yote. Alibonyeza swichi, akaweka kiganja juu ya kompyuta, akafumba macho na kuomba mpaka feni itulie. Majirani wakamwita Mchungaji wa Kompyuta. Hakuchukia. Aliwajibu, "Leteni na zenu, sadaka ni hiari."

Mfumo wa kuendeshea kompyuta aliotumia miaka yote ulikuwa wa kunakili kwa watu, haukununuliwa. Siku moja virusi kutoka kwenye flashi ya mteja vilifuta harusi nzima. Kaka akaniambia, "Dada, mimi kila asubuhi naombea kitu cha wizi. Nilitegemea nini?" Akaufuta mfumo ule na kuweka Linux, ambayo ni ya bure na ya halali. Alikuwa haijui hata kidogo.

Shida ikaanzia kwenye kadi ya picha, kile kibao cha ndani kinachofanya video iende bila kukwama. Kadi ilikuwepo, lakini draiva, yaani programu ya kuiendesha, haikufanya kazi. Maandishi kwenye skrini yalikuwa makubwa kama ya bango, video zilikwenda kwa kushtukashtuka, na programu ya kuhariri ilifunguka ikajifunga hapo hapo.

Na wakati huo alikuwa na harusi ya binti wa seremala. Seremala mwenyewe hakuhudhuria. Alikuwa amelazwa, anaumwa tumbo, na Jumatatu angefanyiwa upasuaji. Binti yake alikuja kwetu, hakutaka hata kukaa.

"Kaka, naomba baba aione kabla hajaingia kule ndani. Nimeolewa hajaniona."

"Ataiona," kaka akasema.

Ilipofika Jumamosi asubuhi hakuwa amekata hata dakika moja. Akampigia Fundi Redio, rafiki yake tangu shule, aliyehamia mji mwingine na aliyekuwa ameitumia Linux muda mrefu dukani kwake. Simu tukaiweka mezani, sauti ya juu.

"Draiva umeitoa wapi?" Fundi Redio akauliza.

"Nimeipakua kwenye tovuti ya waliotengeneza kadi, nikaibonyeza mara mbili. Kama zamani."

"Zamani imekufa, Mchungaji. Huku draiva unaitoa kwenye ghala la mfumo wenyewe. Futa hiyo. Fungua dirisha la draiva za ziada, chagua ile iliyopendekezwa."

Kaka akafanya hivyo. Katikati ya kazi kompyuta ikamwomba atunge nenosiri la herufi zisizopungua nane. Akaandika *haleluya*. Akawasha upya. Maandishi yakarudi yale yale, makubwa kama ya bango.

"Skrini ya bluu ilipotokea ulichagua nini?" Fundi Redio akauliza.

"Skrini ya bluu gani?"

"Inatokea kabla mfumo haujawaka. Kompyuta yako ina mlinzi getini. Draiva ni mgeni, mlinzi hamjui, kwa hiyo anakuuliza: huyu ni wako? Unathibitisha kwa lile nenosiri."

"Haijatokea."

"Lazima imetokea."

"Ndugu yangu, nakuapia... hapana, mimi siapi. Nakwambia haijatokea."

"Basi una macho ya kuazima. Ondoa, weka tena, washa upya. Usipomjibu mlinzi anafuta ombi, inabidi uanze mwanzo."

Wakarudia. Haikutokea. Wakarudia tena. Mimi nilikuwa pale pale, nami sikuiona. Fundi Redio akaanza kupandisha sauti, akisema kuna mtu anamfanya mtoto. Kaka akamwambia hajawahi kumdanganya tangu walipokuwa wakiibiana penseli. Nikatazama saa ya ukutani na kumfikiria yule binti.

Mara nyingine zote tulikata simu kabla ya kuwasha, lakini mara hii ilikuwa bado hewani. Kaka akabonyeza, akaweka kiganja, tukafumba macho. Safari hiyo aliomba kwa uchungu, akimtaja seremala na daktari atakayempasua. Nikaitikia, "Amina." Na kwenye simu nako mtu akaitikia, "Amina."

"Mchungaji," Fundi Redio akasema taratibu, "mlikuwa mnaomba?"

"Ndiyo. Kila ninapowasha."

"Mmefumba macho?"

Kaka aliondoa kiganja juu ya kompyuta. Alinitazama, nami nikamtazama.

"Ile skrini inakaa sekunde kumi tu inaondoka!" Fundi Redio alicheka mpaka akakohoa. "Mlinzi anawapigia hodi ninyi mko mbinguni!"

Kaka alicheka pia, mpaka machozi. Kisha akarudia kazi yote tangu mwanzo. Alipobonyeza safari ile aliweka kiganja pale pale na kuomba kama kawaida, ila macho alikodoa. "Baba uliye mbinguni, tuangalie nasi tunaangalia, tusaidie... hiyo hapo!" Skrini ilikuwa ya bluu kweli. Akabonyeza kitufe, akachagua kusajili ufunguo wa draiva, akaandika haleluya. Kompyuta ilipowaka, maandishi yalikuwa madogo na safi, na bibi harusi akatembea kwenye skrini bila kukwama. "Amina," akamalizia.

Jumapili baada ya ibada tulipeleka filamu hospitalini. Seremala aliitazama ameegemea mto, mkono wa binti yake ukiwa kwenye wake. Aliomba arudishiwe pale binti anapoingia. Halafu akasema gauni lilimkaa vizuri lakini viti vya ukumbini vilikuwa vibovu, miguu haikulingana. Jumatatu akapasuliwa, Mungu akamrudisha mzima.

Tangu siku ile kaka aliomba akiwa amefumbua macho alipokuwa mbele ya kompyuta. Mahali pengine pote alifumba.

Mwaka huu moyo wake ulisimama akiwa usingizini. Habari zilipomfikia seremala hakumngoja mtu amwagize. Alikuja na futi, akauliza urefu wa kaka, akaenda kuranda mbao. Jeneza alilitengeneza mwenyewe, na lilikaa sawa kila upande. Fundi Redio alifika na basi la asubuhi, akasimama karibu yangu kaburini. Mchungaji, yule wa kweli, alisema tufumbe macho tuombe. Watu wote wakafumba. Mimi nilimtazama kaka yangu akishushwa mpaka chini, na nilipoinua uso nikaona Fundi Redio naye anaangalia.