Kitabu Kinene Kilivyofunga Mtaa wa Vitenge

Haya nayasema leo kwa sababu aibu imeshapoa kidogo, ila ule mtaa wa maduka ya vitenge Kariakoo mpaka sasa nauzunguka, sipiti.

Nilipewa mwezi wa majaribio kwenye ofisi moja Upanga inayotengeneza mifumo ya kompyuta, kazi yangu iwe kumsikiliza mteja, kujua anahitaji nini hasa, kisha kuwaandikia mafundi (wenyewe wanaita uchambuzi wa biashara, mimi hata pa kuanzia sikupajua). Bosi wangu, dada Rehema, akanipa kijitabu cha wanaoanza, chembamba, kina michoro kama cha chekechea. Nikakidharau. Nikaenda kwa wauza vitabu vya mtumba nikachukua kinene kuliko vyote, cha wazoefu, nikaongeza video za mtandaoni, kila moja na lake: huyu anza na malengo, yule anza na watu, kitabu nacho kinasema anza kwa kutazama kazi inavyofanyika bila kuiingilia. Kichwa kikawa uji. Nikaona nifuate kitabu, si ndicho kinene.

Siku ya kwenda kwa Bi Salha, muuza vitenge wa jumla aliyetaka mfumo wa kujua mzigo uliopo stoo, nikawahi nusu saa, shati limenyooka, kitambulisho shingoni, faili kwapani, nikasimama nje ya duka lake natazama, nahesabu majora, naandika. Muuzaji wa duka la jirani akaniuliza, "Kaka, nikusaidie nini?"

"Endelea tu na kazi, usinijali," nikamjibu. "Natazama mnavyofanya."

Akaangalia faili, akaangalia kitambulisho, akaingia ndani akashusha geti. Likashuka la pili, la tatu, la Bi Salha mwenyewe, mpaka kwenye kona kote kumefungwa saa nne asubuhi, hata mama wa chapati kabeba jiko lake likiwa na moto, na mimi nimebaki katikati sielewi, nadhani kuna msiba (nikaandika na hilo: "hufunga saa nne").

Simu ikaita, dada Rehema. "Bi Salha anataka tuahirishe. Anasema kuna mtu wa kodi amesimama mlangoni kwake na faili. Unamwona?"

Wallahi nilimtafuta. Nikageuka kulia, nikageuka kushoto.

"Simwoni, dada. Amevaaje?"

"Shati la bluu."

Nikatazama shati langu. La bluu.

Dada Rehema alikuja mwenyewe kugonga geti. Bi Salha akafungua nusu, nikamwamkia, akaitikia "Marahaba" kwa shida, akasema, "Mwanangu, si ungepiga hodi tu?" Kazi alitupatia, ila mwezi wangu wa majaribio ukaanza upya, siku ya kwanza.

Jioni nikakifungua kile kijitabu. Ukurasa wa kwanza kabisa kuna mchoro wa mtu yuko mlangoni, anapiga hodi. Tangu hapo sichagui tena kitabu kwa unene, na shati lile nimempa mdogo wangu.