Kisamvu cha Stoo ya Nguo

Siku ile nyumbani kwetu Fittja, huku Sweden, tulikuwa watu saba: mimi, mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akiosha vyombo kwenye pizzeria moja ya Tumba, mdogo wetu wa mwisho, binti wa darasa la tatu, bibi mmoja Mrundi wa kanisani kwetu, ambaye kila mtu alimwita Bibi, hata waliomzidi umri, mama Mkongo, mama Mtanzania, na msichana wa Kiswidi wa ustawi wa jamii, ambaye sisi tulimwita Soshal, kana kwamba ofisi nzima ilivaa viatu ikaja. Bangi siihesabu, ingawa nayo ilikuwepo, na ilikuwa na afya kuliko sisi sote.

Soshal alikuja kwa ajili ya mdogo wetu wa mwisho. Baba alibaki kwenye ardhi ya Burundi, mama kwenye ardhi ya kambi kule Kigoma, na mimi niliacha shule nikiwa bado sijajua kugawanya vizuri, kwa sababu kulikuwa na watoto wa kugawia uji. Sweden ilitaka kujua kama mtu wa namna hiyo, anayeondoka alfajiri kwenda kufagia maofisi ya watu, anafaa kulea mtoto. Kama hafai, ilikuwepo familia ya Kiswidi katika mji wa mbali, nyumba ina bustani, wana mbwa. Mtoto alikuwa ameshauliza mbwa huyo ni wa rangi gani. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli.

Soshal alisema anataka kuona watu walio karibu na mtoto. Watu ninao, nikamwambia. Nikawapigia simu akina mama wa sala.

Juzi yake nilifungua stoo ya nguo kutafuta shuka la heshima, nikakuta jua. Fleti zetu za Fittja zina hiki chumba kidogo kisicho na dirisha, cha kutundikia makoti na kufichia vitu ambavyo hutaki kuvitupa. Mdogo wangu alikuwa ametundika taa kali darini, amezungushia kuta karatasi za fedha, na chini amepanga ndoo nyeupe ambazo enzi za uhai wake zilibeba mchuzi wa kitunguu saumu. Kila kifuniko kilikuwa na tundu, kila tundu lina kikopo cha kokoto, kila kikopo kina mmea. Niliinua kifuniko kimoja. Mizizi ilining'inia majini kama ndevu za mzee anayekunywa supu.

"Dada, ni nyanya," alisema nyuma yangu.

"Mimi nimekulia Kigoma. Nyanya naijua, na hii naijua."

"Basi sikiliza kwanza. Hakuna pampu, hakuna kelele, hata udongo hakuna. Maji yametulia tu, mzizi unakunywa wenyewe. Mimi niko kazini, yenyewe inakua."

"Kumbe umepata watoto wasiosumbua. Mimi sikubahatika."

"Dada..."

"Kesho kutwa Soshal yuko hapa. Akiikuta hiyo, mtoto anakwenda kwa mbwa. Itoke."

"Niitoe vipi? Nipande nayo metro, nikae nayo kitini kama bibi arusi?"

Mwisho alisema ana rafiki mwenye gari, ataihamishia kwake Fisksätra. Jioni iliyofuata nikamuuliza, akajibu, "Imeondoka, dada." Nikamwamini. Kumbe gari la rafiki lilikuwa limeganda kwa baridi, likakataa kuwaka, na mdogo wangu aliniogopa mimi kuliko serikali.

Basi siku yenyewe. Ilikuwa Februari, mwishoni mwa miaka ya elfu mbili, theluji imefika kwenye magoti ya watoto, na kila mgeni aliingia na koti la ukubwa wa godoro. Misumari ya mlangoni ikajaa. Sisi tulikuwa sebuleni. Soshal alikuwa anamuuliza mtoto nani humsuka asubuhi, na mtoto anajibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba ni mimi na kwamba navuta sana. Mama Mkongo, ambaye kwake mlango uliofungwa ni mwaliko, alikuwa kwenye korido na koti lake mkononi akitafuta pa kulitundika.

"Yesu wangu!" tukamsikia. "Sombe! Sombe mbichi, hapa Sweden!"

Mtu asicheke haraka. Jani la muhogo na jani la bangi yote yamenyoosha vidole kama mkono unaoomba. Na mtu aliyetoka Bukavu zamani, anayekula sombe iliyogandishwa kama tofali kutoka duka la Waasia, akiona vidole vya kijani katikati ya Februari hafikirii polisi. Anafikiria kinu.

Mama Mtanzania aliruka kutoka kitini. "Kisamvu? Nani kaotesha? Jamani, nazi mnayo?"

"Nazi ya nini? Sombe ni mawese!"

"Mawese mtanizibia kifua. Weka nazi na karanga!"

Mtoto akamtafsiria Soshal kwamba ni mboga. Soshal alitabasamu, akaweka kikombe chini. "Mnapanda mboga ndani?" aliniuliza. "Naweza kuona?" Akasimama. Mdogo wangu alisimama, akakaa, akasimama tena kama mtu aliye kwenye misa asiyoijua. Mimi nilikuwa upande wa dirisha, na kati yangu na korido kulikuwa na meza nzima ya sambusa.

Aliyekuwa karibu ni Bibi. Magoti yake yalikuwa mabovu, lakini siku ile sijui aliyatoa wapi. Alifika stooni, akachungulia mara moja. Bibi alizaliwa mlimani, ambako mmea ule walikuwa wakiuloweka kwenye maji ya kuku wagonjwa. Alimpokonya mama Mkongo fungu la majani aliyokwisha kuyachuma, akalisokomeza kifuani, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo wake wote, na haukuwa mdogo.

"Mwambie huyu mtoto wa serikali," akaniambia, "hapa haingii mgeni. Mwambie humu ndimo walimo wazazi wenu."

Nikaanza kuisogeza meza ya sambusa nipite.

"Tafsiri, we binti!"

Nikatafsiri. Nilimwambia Soshal kwamba mle ndani ni mahali pa kuwakumbuka baba na mama, kwamba taa inawaka usiku na mchana, na asiye wa damu haingii. Taa niliiongeza mimi, kwa sababu mwanga ulikuwa unavuja chini ya mlango kama nyumba inaungua.

Soshal alisimama pale pale. Akaweka mkono kifuani. Macho yakajaa maji. Akamgeukia mtoto, akamuuliza taratibu kama yeye huwa anaingia humo. Mdogo wetu, aliyejua stoo ile kama makazi ya mashine ya kufyonza vumbi, alinitazama, akamtazama Bibi, kisha akajibu, "Dada mkubwa akiniruhusu tu."

"Lakini ile sombe..." alianza mama Mkongo.

"Nyamaza, mama. Sombe hiyo ni ya marehemu," Bibi akamkatiza.

Soshal aliaga kwa kunikumbatia. Baadaye jibu lilikuja: mtoto abaki kwangu. Yule mbwa ilibidi atafutiwe rafiki mwingine.

Mlango ulipofungwa nyuma ya Soshal, Bibi alitoa majani kifuani akamtupia mdogo wangu usoni. "Lima kitu kinacholiwa, mjinga wewe." Mama Mkongo, alipoelezwa, alicheka hadi akakaa sakafuni, kisha akauliza kama kweli haiwezekani kuipika hata kidogo. Mdogo wangu aling'oa mimea yote mbele yetu, akilia kwa sauti ya chini kama mfiwa.

Jikoni, nikiosha vikombe, Bibi alinifuata. "Kudanganya nimedanganya. Hilo nitamalizana na Mungu, tunajuana. Lakini wazazi wenu nimewaita wakaja, wakamlinda mtoto wao. Matanga yao mlimaliza lini?"

Hatukumaliza. Baba alizikwa na majirani sisi tukiwa njiani tunakimbia. Mama alizikwa, na kabla ya siku ya matanga tukahamishwa kambi. Kwetu Burundi tunaita kuganduka: ukoo unakusanyika, mnakunywa mtungi mmoja, mtu wa upande wa baba anasimama na kutamka kwamba sasa msiba umekwisha, walio hai waishi. Bila hayo, Bibi alisema, marehemu wanabaki wamesimama mlangoni na makoti yao.

"Utawaaga lini?"

"Mwaka huu, Bibi."

Mdogo wetu wa mwisho sasa ni mrefu kuliko mimi. Mdogo wangu ana watoto wake na hapandi hata kitunguu. Bibi bado tunakutana kanisani, na hanisalimii kwanza, anainua nyusi. Pombe ya mtama najua pa kuipata, na watu wa kuijaza sebule ninao. Kinachokosekana ni kinywa cha upande wa baba. Baba yetu mdogo yuko hai, anaishi kwenye shamba la baba, na siku tuliyokimbia hakutufungulia mlango wake. Namba yake nimeshapewa. Sijampigia.